Kimya cha Dakika Nne

Msokota biri hana ulimi akiwa kazini, ana kisu. Kisu chenyewe hakina mpini. Ni kipande cha chuma bapa, ukingo wake mmoja umepinda kama mwezi mchanga, na wenyewe hukiita chaveta. Kwa kisu hicho hukata jani na kulinyoosha, na kwa kisu hicho hicho humjibu yule anayemsomea. Akipendezwa, hukigonga juu ya ubao wa meza. Akichukizwa, hukiachia kianguke sakafuni. Kisu kimoja kikianguka, huenda mkono umeteleza. Viwili vikianguka, msomaji na atazame upya alipofika.

Idalmis Barzaga aliyaandika hayo katika daftari lake siku ya kwanza alipopanda jukwaa la ukumbi wa kusokotea, katika kiwanda kimoja cha biri mkoani Pinar del Río, upande wa magharibi wa kisiwa chao, mwaka 2011. Kuandika ilikuwa tabia yake. Kwa miaka ishirini na mmoja alikuwa karani wa hatimkato mahakamani, akinukuu kila neno la jaji, la shahidi na la mshtakiwa, mpaka zilipoletwa mashine za kunasa sauti. Alipewa cheti cha shukrani na kuambiwa aende nyumbani. Nyumbani palikuwa chumba kimoja na mama asiyeona.

Kazi ya msomaji wa kiwandani, ya kuwasomea wasokotaji gazeti asubuhi na hadithi alasiri, haitolewi na meneja. Wasokotaji ndio huitoa, kwa kura, baada ya mwezi mmoja wa majaribio, kisha huipigia kura tena kila mwaka. Mwezi wa Idalmis ungekwisha Ijumaa ya mwisho ya Septemba. Umri wake ulikuwa miaka arobaini na sita, na hakuwa na mlango mwingine wa kubisha.

Kitabu nacho huchaguliwa kwa kura. Yeye alipendekeza historia ya reli ya kisiwa, akapata kura kumi na tisa. Mia moja na arobaini zilikwenda kwa “Fundi wa Vitasa,” mchezo wa redio wa zamani, wa enzi ambazo nyumba yenye runinga ilijulikana mtaa mzima. Ulikuwa umepigwa chapa kwa mashine, sehemu arobaini, ukashonwa kwa uzi wa katani. Mhusika wake mkuu, Leandro Viamonte, alikuwa fundi katika mji wa bandari, mtu wa adabu, anayefungua makasha ya matajiri kwa sababu moja tu: hakuna kitasa kilichowahi kumkatalia, naye alitaka kuona kama kipo. Kufikia sehemu ya ishirini alikuwa mwizi, mwongo na msaliti. Kufikia sehemu ya thelathini ukumbi mzima ulikuwa ukimpenda.

Idalmis hakumpenda. Kwa maoni yake, michezo yote ya uhalifu ilikuwa na kosa moja la ushahidi: ilimpa mhalifu maneno. Yeye alikuwa amewanukuu wahalifu wa kweli zaidi ya mia nne, wala hakuna hata mmoja aliyetoa sentensi ya kustahili kurudiwa. Walisema, “Sijui.” Walisema, “Nilikuwa nimelewa.” Walisema, “Yeye ndiye aliyeanza.” Mtu mwenye ulimi wa Leandro Viamonte hakuwahi kumwona kizimbani, na alishuku kwamba watunzi waliwaumba watu wa namna hiyo ili wasomaji waweze kumsamehe mwuaji bila kumgusa maiti.

Kwa hiyo juma la kwanza alimsoma Leandro kwa sauti kavu, ile ile aliyowapa polisi, mjane na mbwa wa mchezo huo. Siku ya tatu visu viwili vilianguka.

“Dada msomaji!” aliita Eladio wa meza ya kumi na mbili, mtu mnene aliyejulikana kwa kukosa breki ya mdomo. “Huyo Leandro ana homa ya matumbo? Mpe uji basi, apate sauti!”

“Namsoma kama alivyoandikwa,” alijibu Idalmis kwenye maikrofoni.

“Ameandikwa mwizi, hajaandikwa maiti.”

Ukumbi ulicheka. Idalmis aliandika: “Sauti.” Kesho yake alimpa Leandro sauti ya chini, isiyo na haraka, na visu viligonga meza kwa mara ya kwanza tangu aje.

Wakati wa kahawa mabishano yalihamia karibu na jukwaa. Nieves Crespo, mkuu wa kamati ya usomaji, alikaa meza ya kwanza. Alikuwa na miaka sitini na minane, na vidole vilivyogeuka rangi ya jani.

“Leandro hana kosa,” alianza Eladio. “Kosa ni la wenye makasha. Ukiweka kitasa kibovu umemwita mwizi kwa jina lake, na la baba yake.”

“Nyamaza wewe, hata mlango wa choo unakushinda,” alisema Nieves.

“Mimi ningeolewa naye,” alisema Dulce, msichana wa meza ya thelathini.

“Ungeolewa Jumatatu, Jumanne tungekuja matangani.”

“Lakini Jumatatu hiyo, Bi Nieves!”

Walicheka mpaka kahawa ikamwagika. Nieves alipangusa meza kwa kiganja. “Wale wa kwenye runinga siku hizi,” alisema, “wana bastola kubwa na maneno madogo. Milio tu. Leandro anamenya chungwa, nawe unatafuta pa kujificha.”

“Lakini ni mhalifu, Bi Nieves,” alisema Idalmis. “Na bado hajafika alikokusudia. Sote tunaona anakwenda wapi.”

“Tunaona, mwanangu. Ndiyo maana tunamsikiliza vizuri. Malaika tutawasikiliza tukishakufa, muda utakuwapo.”

Idalmis hakushawishika. Lakini alianza kuwatazama, na alichokiona hakikuwamo katika hesabu zake. Watu mia moja na sabini na mmoja walikaa kwa safu kama darasani, mikono mia tatu na arobaini na miwili, na mikono hiyo haikusimama kamwe. Iliviringisha, ikakata, ikabana. Ila mwendo wake ulibadilika na hadithi. Leandro alipomdanganya mkewe, mikono ilikwenda haraka, kwa hasira. Alipotia ufunguo kwenye kasha, ilipunguza mwendo kwa pamoja, wala hakuna aliyetoa ishara. Mahakamani aliwahi kuona watu wakisikiliza ili wahukumu, na wengine wakisikiliza ili waokoke. Hakuwa amewahi kuona watu wakisikiliza kwa mikono. Aliandika hilo kisha akalifuta, kwa kuwa halikuwa sahihi, kisha akaliandika tena, kwa kuwa hakupata lililo sahihi zaidi.

Jumatano ya juma la mwisho, mkaguzi alipita kuchukua mafungu ya biri, hamsini kila fungu. Fungu moja lilikuwa na kasoro, akamwita mwenyewe kwa jina kamili, la ukoo likitangulia, kama inavyofanywa ofisini.

“Poveda Lis, Reinerio. Meza ya hamsini na nane.”

Mtu mmoja aliinuka katika safu ya nne: mwembamba, mvi, miwani imefungwa kwa uzi. Alilipokea fungu lake, akalikagua, akakubali kosa kwa kichwa na kuketi.

Idalmis alikuwa na gazeti la asubuhi mkononi. Hakusikia tena alichokuwa akikisoma, ingawa sauti yake iliendelea. Jina lile, kwa mpangilio ule ule, aliwahi kuliandika mwenyewe.

Novemba 1993. Mafuta hayakuwapo, magari yalisimama, kisiwa kizima kilipanda baiskeli. Reinerio Poveda Lis na Gildo Arencibia, wote wasokota biri, walikuwa na baiskeli moja ya Kichina waliyogawiwa waitumie kwa zamu, isiyo na breki ya nyuma. Asubuhi moja, mbele ya nyumba ya Gildo, Poveda alimpiga mwenzake kichwani kwa pampu ya chuma ya baiskeli hiyo, mara tatu. Alikaa kando yake mpaka polisi walipokuja. Jaji alimuuliza kwa nini. Poveda hakujibu. Jaji aliuliza tena na tena, kisha akasubiri. Idalmis alitazama saa ya ukutani, akaandika katika mabano: “Mshtakiwa yuko kimya, dakika nne.” Baadaye karani mkuu alimtaka ayafute mabano hayo, eti kimya si ushahidi. Alikataa. Kilikuwa kimetokea. Poveda alihukumiwa miaka ishirini, na Idalmis akahamia faili jingine.

Jioni aliketi karibu na mama yake, akafungua sehemu ya thelathini na tisa, ya kusomwa kesho. Aliisoma mara mbili. Adhuhuri ya sikukuu, ngoma zikipita barabarani, Leandro anamfuata rafiki yake Severo dukani, anampiga kichwani kwa tupa ya chuma, mara tatu. Kisha anakaa kando ya maiti, anamenya chungwa, na kusema maneno machache kuhusu sababu yake.

“Mbona umenyamaza?” aliuliza mama.

“Nasoma, mama.”

“Unasoma kwa pumzi kama mtu anayepanda ngazi.”

Idalmis alichukua penseli, akaweka alama mbili ndogo pembezoni, moja juu ya ukurasa wa mia mbili na kumi na moja, nyingine chini ya ukurasa uliofuata. Kati ya alama hizo zilikuwa kurasa mbili kamili. Angeziruka. Sababu ya kwanza ilikuwa huruma: mtu wa meza ya hamsini na nane asisomewe pigo lake mbele ya wenzake kwenye kipaza sauti. Ya pili hakuitamka hata moyoni: hakutaka kumpa mwuaji yeyote sentensi zile nzuri, na mwuaji halisi ameketi pale akizipokea kama nguo za bure. Katika miaka ishirini na mmoja hakuwahi kuacha neno la mtu. Alijiambia kwamba hapa si mahakamani.

Alhamisi alasiri alianza kusoma saa nane kamili. Mikono ilikuwa ikienda polepole tangu mstari wa kwanza, jambo alilopaswa kulitia maanani, maana walipunguza mwendo kabla ya jambo lolote kutokea. Alifika penye alama.

“‘Severo akafungua mlango wa duka, akacheka alipomwona ni nani,’” alisoma. Akageuza kurasa mbili kwa pamoja. “‘Jua lilikuwa limeanza kushuka, na Leandro alikuwa ameshafika kivukoni.’”

Kisu kimoja kilianguka, katika safu ya nne.

Aliendelea. Cha pili kilianguka, kushoto. Cha tatu. Kisha vilianguka kama kokoto zinazomwagwa juu ya bati, safu kwa safu, kutoka mbele mpaka ukutani. Mikono mia tatu na zaidi ilikuwa imelala juu ya mbao, haina kitu. Watu hawakumkasirikia. Walimtazama tu, kama mtu anavyotazama ngazi iliyokosa kidato.

Nieves alisimama. “Umeruka, mwanangu.”

Hapo Idalmis Barzaga alifanya jambo ambalo hakulifanya hata mara moja mbele ya majaji. Alisema uwongo.

“Kurasa zimeshikamana, Bi Nieves.”

“Kitabu hicho nimekishona mimi, mwaka themanini na mbili. Hakina ukurasa ulioshikamana.” Sauti yake haikupanda. “Marehemu Plácido, msomaji wetu wa zamani, alitusomea mchezo huu mwaka sabini na tisa. Akatusomea tena tisini na sita, kwa kuwa tuliuomba. Nusu ya ukumbi huu imeusikia mara mbili, na hao watoto wamesimuliwa na mama zao. Ulidhani tulikichagua ili tujue mwisho?”

“Chungwa liko wapi?” aliuliza Eladio. Hakuwa akitania. Ilikuwa mara ya kwanza Idalmis kumsikia akisema jambo bila kutania.

Aliwatazama. Alikuwa amedhani anawasomea hadithi wasiyoijua. Kumbe kwa majuma manne watu mia moja na sabini na mmoja walikuwa wameishika ile hadithi kwa kumbukumbu, wakimngoja kwa adabu afike walipo, na walikuwa wamepunguza mwendo wa mikono kabla hajasoma neno, kwa sababu walijua Severo atafungua mlango.

Mtu wa meza ya hamsini na nane aliinama, akaokota kisu chake, akakiweka mezani na kuanza kutembea katikati ya safu. Hakuna aliyemgeukia. Ndipo Idalmis alipong'amua kwamba kisu cha kwanza kilianguka kutoka mkononi mwa mtu huyo.

Reinerio Poveda alisimama chini ya jukwaa. Maikrofoni ilikuwa wazi. Aliiona, hakujali.

“Ndugu msomaji, unanikumbuka.”

Hakuwa akiuliza. “Ndiyo,” alisema Idalmis.

“Na mimi nakukumbuka. Ulikuwa na kalamu mbili. Moja ikikauka unachukua ya pili bila kutazama. Nilisema, huyu mama hataacha kitu.” Aliisogeza miwani yake. “Umeruka kwa ajili yangu.”

“Nilitaka kukusitiri.”

“Mbele ya nani? Hawa? Gildo alikaa meza ya hamsini na tisa. Nilipotoka gerezani, nimepunguziwa miaka mitano, walipiga kura kama nirudi.”

“Mia moja na tano kwa sitini na mbili,” alisema Nieves. “Mimi nilikuwa katika wale sitini na wawili.”

“Najua, Bi Nieves.”

“Nakukumbusha tu.”

Reinerio akamgeukia tena Idalmis. “Jaji aliniuliza kwa nini. Mara tatu.”

“Mara nne.” Hakuweza kujizuia.

“Haya, mara nne. Kisha akakaa kuningoja.”

“Dakika nne. Niliziandika.”

“Unajua nilikuwa nafanya nini dakika hizo?” Sauti yake ilipita katika vipaza sauti na kufika mpaka ghala la majani. “Nilikuwa na maneno ya Leandro mdomoni. Yale ya chungwa. Niliyasikia hapa, mwaka sabini na tisa, nina miaka kumi na minane, ndiyo kwanza nafundishwa kukata jani. Niliyashika yote. Sasa mama yake Gildo ameketi mbele yangu, na jaji anangoja. Nikasema moyoni, nikiyatoa haya, watu watalia. Hata huyu jaji atanionea imani. Nitakuwa kama Leandro, mtu mbaya mwenye kitu ndani. Nikayageuza, nikayageuza. Hayakutoka.”

“Kwa nini?”

“Si kweli, basi. Ilikuwa zamu ya baiskeli. Yeye kasema zamu yake, mimi nikasema yangu. Hakuna zaidi, nimetafuta miaka kumi na mitano, hakuna. Leandro ana sababu. Mimi nina baiskeli isiyo na breki. Nisingeweza kumpa Gildo kifo cha kuazima.”

Idalmis aligundua kwamba kidole chake kilikuwa bado kwenye ukurasa alioukimbilia, ule wa kivuko.

“Sasa ukiruka pale,” alisema Reinerio, “watu watafikiri pale ni pangu. Si pangu. Ni pa Leandro. Msomee mwenyewe.”

Akarudi mezani kwake, akaketi, akashika kisu.

Idalmis alikaa bila kusema. Hakujua ni muda gani, na baadaye lilimsumbua kwamba hakutazama saa. Mia nne na zaidi aliowanukuu walisema “sijui,” naye kwa miaka yote alilihesabu neno hilo kuwa umaskini. Na mmoja, aliyekuwa na utajiri wa maneno ukimjaa kinywani, aliyatazama maneno yale dhidi ya ukweli wa baiskeli, akayameza, kwa gharama ya miaka yake mwenyewe. Yeye, karani, alikuwa ameona hilo likitokea, akaliandika katika mabano, wala asijue ameandika nini. Alijiona mdogo, na udogo ule haukumuumiza. Alijisikia kama mtu aliyezoea kupima visima kwa kamba ya mita kumi, ambaye siku moja kamba yake haigusi chini.

Alirudisha kurasa mbili.

“‘Severo akafungua mlango wa duka,’” alisoma, “‘akacheka alipomwona ni nani.’”

Alisoma pigo la kwanza, la pili na la tatu. Alisoma ngoma zikipita nje. Alisoma chungwa, jinsi ganda lilivyotoka kwa utepe mmoja bila kukatika, kwa kuwa vidole vya Leandro havikutetemeka. Sauti ilikuwa ile ya chini, isiyo na haraka, na kwa mara ya kwanza hakuitoa kama mtu aliyelazimishwa.

“‘Sikumwua kwa kuwa alinisaliti. Wasaliti ni wengi, ningechoka. Nilimwua kwa kuwa yeye peke yake ndiye aliyenijua, na nilitaka kuona kama mtu anaweza kuishi bila kujulikana na yeyote.’”

Akatua, kama karatasi ilivyoelekeza, kisha akamalizia: “‘Sasa naona. Anaweza. Lakini chungwa halina ladha.’”

Mikono yote ilikuwa bado imesimama. Mkaguzi alisimama mlangoni na mafungu kifuani, hakuingia. Dulce alikuwa ameuma kidole gumba. Wote walilijua lile chungwa tangu utotoni, na bado lilikuwa limewafikia upya. Idalmis alielewa kwamba hawakuwa wakimsamehe Leandro, wala hawakuwa wakimhukumu. Walikuwa wakimtazama kwa ukaribu ambao mtu wa kweli asingeuruhusu, na mmoja wao, katika safu ya nne, alikuwa akimtazama kwa ukaribu zaidi ya wote, akijua kwa kipimo kamili umbali uliopo kati yake na Leandro.

Hakuna aliyegonga kisu. Baada ya muda ikasikika sauti moja ndogo, ya jani likikatwa. Ilitoka meza ya hamsini na nane. Meza ya hamsini na saba iliokota kisu chake, ikafuata, kisha ya sitini, mpaka ukumbi mzima ulipokuwa ukifanya kazi.

Ijumaa, kabla ya kura, Idalmis aliomba dakika moja.

“Jana nilisema kurasa zilishikamana,” alisema. “Hazikushikamana. Niliziruka kwa makusudi, kisha nikawadanganya. Nataka mpige kura mkijua.”

“Tulijua jana, roho yangu,” alisema Nieves.

“Nataka liwe limesemwa.”

Nieves aliwageukia wenzake. “Limesemwa. Haya, anayemtaka agonge, asiyemtaka aangushe. Na wewe Eladio usifanye vyote viwili.”

“Mwaka jana kiliniteleza!”

“Kilikuteleza mara tatu.”

Walianza safu ya mbele, meza moja baada ya nyingine, Nieves akihesabu kwa sauti. Idalmis naye alihesabu kimoyomoyo, akitazama sakafu. Dulce aligonga. Eladio aligonga kwa kishindo mpaka jani likaruka. Safu ya nne ilipofika, meza ya hamsini na saba iligonga. Katika meza ya hamsini na nane, Reinerio Poveda alinyoosha mkono wake pembeni ya meza, juu ya sakafu, na kufungua vidole. Kisu kilianguka, kikaruka mara moja, kikalala.

Hesabu ilikwisha. Mia moja na thelathini na nne kwa thelathini na saba. Idalmis Barzaga alikuwa msomaji wa ukumbi, kwa mwaka mmoja. Visu viligonga kwa pamoja, na kishindo kile kilimwingia kupitia nyayo.

Wakati wa kahawa Reinerio alipita mbele ya jukwaa na kikombe chake.

“Uliruka, ukasema uwongo juu ya kurasa,” alisema. “Leandro angekupigia kura. Mimi si Leandro.”

“Hata mimi ningeangusha,” alisema Idalmis.

Alimtazama kidogo juu ya miwani. “Mwakani kuna kura nyingine,” akasema, na kwenda zake kuongeza sukari.

Alasiri ilibaki sehemu ya arobaini. Kabla ya kuianza, Idalmis alifungua ukurasa wa mia mbili na kumi na moja. Alama zake za penseli zilikuwapo. Alikuwa na kifutio mfukoni. Badala ya kukitoa, alichukua kalamu na kuandika pembezoni, kwa herufi ndogo zilizonyooka, ili msomaji atakayemfuata akute mambo yalivyokuwa: “Hapa paliachwa, siku ya Alhamisi. Ukumbi ukakataa. Pakasomwa.” Akatia sahihi, akaweka tarehe, akasogeza maikrofoni.

Chini yake mikono ilikuwa imeshaanza kupunguza mwendo.